Kwanza Niambie: Inazima, Inazimika au Inazimia?

Jumatatu saa sita mchana, jamaa mmoja alipanda ghorofa ya pili na futi ya kupimia akaanza kupima meza ya mtu mwingine, mwenye meza akiwa amekaa hapo hapo anakula. Hakusalimia. Alipima urefu, akapima upana, akachora alama ya chaki pembeni, akahesabu soketi za ukutani kwa kidole. Mwenye meza aliendelea kutafuna. Alipomeza akamuuliza, "Unanipimia sanda?"

"Nimetumwa na msimamizi wa jengo," akajibu yule jamaa. "Usinijie juu."

Anaitwa Injinia. Meza yake iko chini ya ngazi, pale maji ya kupigia deki yanapotiririkia, na uinjinia wenyewe aliupata siku alipoagiza fulana yenye neno hilo mgongoni.

Mwenye meza anaitwa Shangazi, na ndiye ninayemwandika leo kwa sababu wiki ile mlimwita mwizi. Ndiyo, nyie. Maoni elfu moja na mia tatu chini ya video moja. Nimeyasoma yote, na sijaona hata mmoja aliyeuliza swali. Sasa tulieni niwaambie mlikuwa mnamtukana nani.

Ana miaka arobaini na sita. Hilo jina la Shangazi lilianza kwa mtoto wa kaka yake, aliyemletea wateja wa kwanza. Wateja wakasikia, wakadaka, sasa hata wazee wa miaka sabini wanamwita Shangazi. Kabla ya hapo alikuwa mfagizi wa ofisi. Kompyuta zilizokufa zilikuwa zinarundikwa stoo, akaomba moja, akaenda nayo nyumbani akaifungua kwa kisu cha jikoni. Akaiua mara ya pili. Akaomba nyingine. Ya tano ikawaka. Chuo chake ndicho hicho, na cheti chake ni kovu la kisu kwenye kiganja cha kushoto.

Miaka tisa yuko kwenye meza ile ile ya dirishani. Miwani yake mkono mmoja umefungwa waya. Skrubu anaziweka kwenye trei ya mayai, kila shimo na skrubu zake, kwa mpangilio ule ule alioufungua, ili akifunga arudi nyuma shimo kwa shimo. Na ana tabia moja inayoudhi wateja: akifunga kifaa kipya lazima akipige picha, na kwenye picha lazima mteja aweke kidole gumba chake pembeni. Ukimuuliza kwa nini, anasema, "Vifaa vinafanana. Vidole havifanani."

Meza ikiondoka, anarudi kwenye ufagio. Sio maneno ya kutia huruma. Ofisi ile bado ipo, ufagio upo nyuma ya mlango wa stoo, na bosi wa pale alishamwambia akichoka na "hayo mambo yako" arudi. Alisema anacheka. Shangazi hakucheka.

Sasa tuje kwa Kamanda.

Kamanda ni kijana wa miaka ishirini na tatu, anacheza gemu za vita mtandaoni, watu wanamtazama akicheza. Asubuhi mpaka jioni, spika kubwa masikioni, anawaamrisha watu asiowajua. Alinunua prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta, akampelekea Shangazi amfungie. Shangazi akafanya kazi yake. Akaifundisha kwanza bodi kuu ya mashine imtambue mgeni, akatoa prosesa ya zamani, akashika mpya. "Weka kidole gumba." Kamanda akaweka huku anaguna. Picha ikapigwa, namba zote zinasomeka, kidole kina ukucha uliopasuka. Akapaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, akarudisha feni ile ile ya zamani, mashine ikawaka.

Kamanda akaomba kitu kimoja zaidi. Umeme ukikatika ukarudi, mashine ijiwashe yenyewe, asipoteze vitu anavyopakua. Shangazi akaiweka hivyo. Kumbukeni hilo, maana nyie kukumbuka ni shida.

Siku ya nne Kamanda huyo ngazini, mashine kaibeba kiunoni kama mtoto mwenye homa.

"We mama, mashine inazima."

"Salamu umeiacha ngazini?"

"Sina muda wa salamu. Inazima katikati ya mechi, watu mia nne wananitazama, naonekana bwege."

"Kwanza niambie: inazima, inazimika au inazimia?"

"Si kitu kimoja!"

"Kwako wewe. Inayozima inaaga: inafunga vitu vyake, inalala kwa heshima. Hapo kuna kitu ndani kimeiamuru. Inayozimika inakata kama mshumaa na hairudi mpaka uiwashe, hapo naangalia umeme na joto. Inayozimia inaanguka, halafu inaamka yenyewe haijui imeangukaje, hapo naangalia prosesa na memori. Sasa yako inafanya nini?"

"Inakata. Inajiwasha."

"Basi inazimia. Ungesema hivyo tangu mwanzo tungekuwa tumeshafungua skrubu."

Kumbe muda wote simu ya Kamanda ilikuwa inarekodi. Jioni ile video ikatoka na maneno juu yake: Nimepeleka mashine kwa fundi, nimekuta mwalimu wa sarufi. Mkacheka. Sawa, hiyo ilichekesha, hata mimi nilicheka. Iliyofuata ndiyo haikuchekesha.

Shangazi alibadilisha memori, moja moja. Akachomoa na kuchomeka upya kila waya wa umeme. Akafuta ile dawa nyeupe, akapaka tena, nyembamba zaidi. Akaipigisha mashine kazi nzito saa sita mfululizo pale mezani. Haikutingishika. Kamanda akaichukua, kesho yake ikazimia mara tatu.

"Ilete," akasema Shangazi. "Turudishe prosesa ya zamani tuone."

Akairudisha. Siku tatu nyumbani kwa Kamanda, kimya, hakuna cha kuzimia wala kupiga chafya. Akafunga ile mpya tena. Siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha mchana, chini.

Hapo hata mimi ningesema prosesa ina matatizo. Zamani inafanya kazi, mpya inaanguka, kuna siri gani tena? Kamanda hakuishia kwenye matatizo. Alitoa video ya pili: Nilimpa fundi prosesa mpya, kanifungia feki, yangu kauza. Akataja jengo na ghorofa, akaweka picha ya meza, akaweka uso wa Shangazi na ile miwani ya waya. Hapo ndipo mlipojaa na yale maoni elfu moja na mia tatu. Mmoja aliandika, "Angalia miwani tu utajua." Ndugu yangu, wewe miwani yako ilikusaidia nini?

Msimamizi wa jengo alipanda mwenyewe, na huyo huwa hapandi ngazi mpaka kuna moto. Shangazi akamwonyesha picha ya siku ya kwanza, akafungua mashine iliyokuwa imeachwa kwake tangu jana yake, akafuta dawa, akamwonyesha namba ni zile zile.

"Picha siku hizi hata mtoto anatengeneza," akasema msimamizi.

"Na kidole je? Nimekitengeneza? Mlete nikilinganishe na ukucha wake!"

"Shangazi, mimi sijui kompyuta. Ninachojua, watu wananipigia simu wanasema jengo langu lina mwizi. Mpaka Ijumaa. Mashine ya yule kijana iwe inafanya kazi, na yeye aje aseme hivyo mbele yangu. La sivyo meza anachukua Injinia."

Ndiyo maana Jumatatu Injinia alikuja na futi. Hakuweza hata kusubiri Ijumaa, kiherehere kilimwasha.

Jumanne Kamanda alileta mashine kwa mara ya mwisho, akaibwaga mezani.

"Leo hufungui kitu nyuma yangu. Nakaa hapa nakuangalia."

"Kaa. Ila usiegemee trei."

Safari hii Shangazi hakushika bisibisi kabisa. Alifungua lile daftari la ndani la mashine, linaloandika kila kilichotokea na saa yake, akaanza kusoma. Mashine inayozimia kwa ugonjwa mara nyingi huacha malalamiko: memori imekosea hapa, prosesa imekosea pale. Hii haikuwa na lalamiko hata moja. Inaandika mambo yake vizuri, halafu kimya, kama mtu aliyezibwa mdomo. Halafu inaamka. Mara kumi na moja.

Akachukua kalamu, akaandika saa zote kumi na moja ubavuni mwa trei ya mayai. Zote zilikuwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana.

"Jioni huchezi?"

"Nacheza mpaka nachoka."

"Jioni haijazimia hata siku moja. Na Jumapili je?"

"Jumapili ndiyo nacheza kuliko siku zote."

"Jumapili mbili zimepita na prosesa mpya ikiwa ndani, na hakuna kitu." Akavua miwani. "Kijana, prosesa mbovu haijui Jumapili."

"Unaanza tena maneno yako."

"Nyumbani mnaishi wangapi?"

"Inakuhusu nini?"

"Nimeuliza."

"Mimi na mzee."

"Mzee anafanya kazi gani?"

"Muulize mwenyewe. Hatuongei."

"Alhamisi saa nne nakuja kwenu. Usitoe kitu, usisogeze kitu. Nataka kuiona ikianguka."

Alhamisi alifika na mkoba wake wa zana. Chumba cha Kamanda ni nusu chumba. Zamani kilikuwa kimoja kikubwa, wakakikata katikati kwa plaibodi: dirisha likabaki kwa Kamanda, soketi ikabaki kwa baba yake. Kwa hiyo waya wa ekstensheni unatokea upande wa baba, unapita kwenye tundu chini ya plaibodi, unalisha mashine, skrini na kila kitu. Taa ya dari ina njia yake ya umeme.

"Huko amelala mlinzi wa usiku," akasema Kamanda, akionyesha plaibodi kwa kidevu. Baba yake ndiye huyo, anamtaja kwa cheo. Walinuniana tangu mzee alipombembeleza bosi wake mpaka Kamanda akapewa kazi ya ulinzi pale pale, na Kamanda akaiacha siku ya pili kwa sababu buti zilimbana. Mzee aliona haya mbele ya wenzake. Mwezi wa nane huo, hawajasemeshana, wanaandikiana vikaratasi juu ya friji.

"Ikikata umeme si ungejua?" akauliza Shangazi.

"Si umeme. Taa ya dari haijawahi kuzimika. Mimi sio mjinga."

Akavaa spika zake kubwa, akaanzisha mechi. Na hapo Shangazi akasikia kitu ambacho hajawahi kukisikia mezani kwake, kwa sababu chini ya dirisha lake kuna karakana ya kuchomelea vyuma inayopiga kelele kutwa. Feni. Prosesa mpya inachemka kuliko ya zamani, na kile kifeni kidogo kinapambana nayo kwa roho yote. Kiliunguruma kama mashine ya kusaga nafaka. Plaibodi ikaanza kutetemeka. Glasi juu ya meza ikawa inalia. Kamanda masikio yameziba, hana habari.

Shangazi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuangalia skrini. Aliangalia taa ndogo nyekundu ya ekstensheni.

Dakika ya ishirini na mbili taa nyekundu ikazimika. Skrini nyeusi. Feni ikashusha pumzi. Taa ya dari iko pale pale. Akahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Taa nyekundu ikarudi. Mashine ikajiwasha yenyewe, kama Kamanda mwenyewe alivyoomba.

Kamanda akarusha spika kitandani. "Umeona? Umeona? Feki yako hiyo!"

Akageuka. Ndoo haina mtu. Shangazi alikuwa ameshatoka, yuko mlango wa pili.

"Hodi."

"Nani?"

"Fundi."

Mlango ukafunguliwa na mzee mwenye fulana ya ndani na macho mekundu kama pilipili. Nyuma yake Shangazi aliona kila kitu kwa mara moja: kitanda kimesukumwa mpaka ukutani, mto uko chini kabisa ya soketi, mkono unafika bila mtu kuinuka.

"Shikamoo mzee. Ni wewe unayeizima?"

"Marahaba. Ni mimi." Hakupepesa hata jicho.

Kamanda alikuwa amefika nyuma, mdomo wazi. Shangazi akamgeukia.

"Nilikuuliza maneno matatu. Nilikosea, kumbe yapo manne. Mashine yako inazimwa."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kikuzimacho ki ukutani mwako, hiyo naongeza mimi.

"Wiki tatu!" Kamanda akapiga kelele. "Wiki tatu unanifanyia hivi? Kwa nini usiseme?"

Mzee hakumjibu. Alimjibu Shangazi, kana kwamba kijana ni kabati. "Mwambie huyo zamani lilikuwa linanong'ona, nalala. Siku aliyolibadilisha likaanza kunguruma. Mimi natoka kazini asubuhi, mpaka saa nne ndio kwanza usingizi umenishika, linaanza."

"Sasa mbona unarudisha plagi, mzee?"

"Nikiiacha nje atakuja kunigongea mlango. Sitaki kumwona. Nikirudisha, anakaa analichokonoa, nusu saa kimya. Nusu saa nalala."

"Na Jumapili?"

"Usiku wa kuamkia Jumapili sina lindo. Mchana silali, ya nini nimsumbue?"

Shangazi akamwangalia Kamanda. "Kesho Ijumaa. Unakuja kwa msimamizi unasema mashine haina ugonjwa, na prosesa ni yako. Na video unatoa nyingine, unasema ulinisingizia."

"Niseme nini? Kwamba nazimiwa na baba yangu kama mtoto wa shule? Watu elfu sita wanaonifuata watanicheka."

"Mimi hao hao elfu sita wamenicheka."

"Wewe ni fundi. Mmezoea."

Rudieni kuusoma huo mstari. Huyo ndiye mliyekuwa mnampigia makofi.

Shangazi hakumtukana. Alirudi chumbani, akavuta kiti cha Kamanda, akaingia kwenye mipangilio ya mashine, akaipunguzia prosesa ulafi wa umeme, akashusha mbio za feni. Akaanzisha mechi mwenyewe. Glasi juu ya meza haikulia.

"Umenipunguzia nguvu!" Kamanda akalalamika mlangoni.

"Nimekupunguzia kidogo ambacho jicho lako halitakiona. Na sikutengenezei wewe. Namtengenezea mzee usingizi."

Alipokuwa anafunga mkoba, mzee akamuuliza kutoka upande wa pili wa plaibodi, bila kuinuka kitandani. "Huyo msimamizi wako anataka nani aseme?"

"Mwenye mashine."

"Mwenye umeme hafai?"

"Saa nne asubuhi atakuwa ofisini."

"Saa nne nimelala. Nakuja nikitoka lindo."

Video Kamanda aliifuta usiku ule, bila neno. Bila samahani, bila maelezo. Nakala zipo bado, mmezihifadhi na mnaendelea kuzituma, ndiyo maana naandika.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi, Injinia alikuwa ameshapanda na katoni zake mbili za vitu, amezipanga sakafuni kando ya meza, Shangazi akiwa amekaa hapo hapo, anasubiri. Akasikia buti nzito ngazini. Akatokea mlinzi, sare kamili, rungu kiunoni. Injinia akasogea ukutani bila kuambiwa.

Msimamizi, aliyepigiwa simu kwamba kuna mlinzi juu, alikuja mbio, shati halijachomekwa. "Kuna nini? Nani kaita mlinzi?"

"Hakuna aliyeniita," akasema mzee. "Mwanangu amesema huyu mama ni mwizi. Mwanangu ni mwongo. Mashine nilikuwa naizima mimi, kwa mkono wangu huu, mara nyingi. Nimemaliza."

"Ila mimi nilisema kijana mwenyewe ndiye aje aseme..."

"Kijana hata mimi hanisemeshi, atakusemesha wewe? Nimekaa macho usiku kucha nalinda mali za watu, nimekuja hapa kusema, nimesema. Unataka nirudie?"

Msimamizi akaangalia rungu. Akaangalia katoni. "Injinia, shuka na vitu vyako."

"Bosi, tulishakubaliana..."

"Shuka."

Alishuka, katoni moja ikampasukia ngazini, skrubu zake zikamwagika mpaka chini. Hakuna aliyemsaidia kuokota. Msimamizi akajikohoza, akamwambia Shangazi, "Basi, kaa. Ila hizo picha za vidole uziache, zinatisha wateja."

"Sitaziacha," akasema Shangazi. Hakusema asante pia. Angeshukuru nini, kupewa kilicho chake?

Ile alama ya chaki ya Injinia hakuifuta. Aliweka trei ya mayai juu yake. Halafu akachukua kipande cha katoni kilichobaki ngazini, akaandika kwa kalamu nene maneno manne, moja chini ya lingine: INAZIMA, INAZIMIKA, INAZIMIA, INAZIMWA. Akakibandika dirishani.

Mzee alikuwa bado amesimama pale, anasoma, macho yanafumba yenyewe.

"Hiyo feni," akasema, "umeipunguza kweli?"

"Nimeipunguza."

"Nikiisikia tena natoa plagi."

"Toa," akasema Shangazi, akitafuta bisibisi. "Ila safari hii usirudishe. Mwache aje agonge mlango."